Tochi haioni mchapuko

Mhariri,

Jumanne iliyopita nilitoka Feri na ndoo ya vibua, nikabadili gari Kariakoo kurudi Tabata. Viti vimejaa, nikashika bomba kwa mkono mmoja, mwingine una ndoo. Tulipokaribia Buguruni Sheli dereva akaona abiria watatu pembeni, na nyuma yetu daladala jingine linawanyemelea haohao. Akafunga breki. Nikaangukia mapajani mwa kijana aliyekuwa amesinzia, vibua wakatawanyika chini ya viti. Konda akanitazama, akasema, "Pole bibi, lakini gari wala halikuwa kwenye spidi."

Alisema kweli, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nimefundisha fizikia miaka 31. Magazeti, lenu likiwamo, hupenda kuandika "ajali ilisababishwa na mwendokasi". Mwendokasi ni umbali kugawanya kwa muda, basi. Hata konokono anao. (Tangu mabasi yaendayo haraka, yale tunayoyaita mwendokasi, yaanze Dar mwaka 2016, ukimuuliza mtoto mwendokasi ni nini atakujibu ni gari la kwenda Kimara.)

Kilichoniangusha mimi ni mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde. Tupige hesabu. Gari linakwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kila sekunde. Dereva akilisimamisha kwa sekunde 2, kila sekunde limepunguza mita 5 katika kasi yake. Embe likidondoka mtini, kila sekunde linaongeza mita 9.8. Breki ile basi ni kama nusu ya mvuto wa dunia, ila umelazwa ubavu. Miguu yangu ilisimama pamoja na sakafu, kiwiliwili kikaendelea na safari, na ili kukizuia nilihitaji nguvu ya nusu ya uzito wangu. Nina kilo 74, nusu yake ni 37. Hizo ni karibu ndoo mbili kubwa za maji, kwa mkono mmoja wa bibi wa miaka 66.

Sasa chukua basi la mkoani lililo kwenye kilomita 80, dereva analipunguza taratibu mpaka linasimama baada ya sekunde 20. Kila sekunde limepoteza mita 1 na kidogo tu. Aliyesimama hata hayumbi.

Na kwenye kipilefti je? Mshale wa spidi umetulia kwenye 30, lakini gari zima mnalaliana upande mmoja. Kasi ni ileile, mwelekeo ndio umebadilika, na huo nao ni mchapuko. Wanafunzi wangu hapo ndipo walipokuwa wakinigomea. Nikawaambia wapande daladala wakiwa wamesimama, halafu warudi tubishane.

Sisemi trafiki waweke chini tochi, kile kifaa chao cha kupimia spidi. Kwenye kilomita 50 gari linameza karibu mita 14 kila sekunde, na kasi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Lakini tochi inasoma kasi peke yake. Dereva anayekurupuka na kukanyaga breki kila kituo anapita mbele ya tochi akiwa mtakatifu.

Lawama nyingine ni yetu walimu. Sekondari tunafundisha somo hili kwa Kiingereza, neno mchapuko likabaki kwenye kamusi, halijawahi kufika kituoni.

Ninachoomba ni kidogo. Konda asigonge bodi mara mbili kabla mzee aliyepanda hajapata pa kushika. Na ninyi waandishi, mtu akianguka ndani ya gari, ulizeni pia lilisimama kwa sekunde ngapi.

Yule kijana aliinama akaniokotea vibua, tukawahesabu pamoja mpaka Tabata. Alikosekana mmoja. Nadhani mpaka leo konda anamtafuta kwa pua.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam