Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: mzee aulizwe kwanza

Daktari, shikamoo.

Naandika kuhusu kinachotokea kwenye korido za hospitali zetu majibu ya kinyama, kile kipande kinachokatwa mwilini kupima saratani, yanapotoka. Mzee amekaa kwenye benchi, fimbo kaiegemeza ukutani. Daktari anamwita mwanawe pembeni, wananong'ona. Mtoto anarudi na bahasha mkononi: "Baba, ni kidonda tu, utapewa dawa."

Kwa mama yangu mkubwa, aliyevuka kutoka Ukerewe akiwa hamezi tena hata ugali laini, ilikuwa hivyo hivyo. Saratani ya umio. Ukoo mzima tulijua, mpaka majirani; yeye akaambiwa ana vidonda vya tumbo. Akapangiwa mionzi bila kuelezwa inatibu nini, akawa ananiuliza mbona wenzake wenye vidonda vya tumbo wanapewa vidonge tu. Alikuwa na shamba la mihogo lenye mgogoro wa mpaka, na aliyeijua mipaka yake ni yeye peke yake. Kila akikumbushwa alisema atalishughulikia akipona. Tumemzika, na ugomvi wa shamba lile haujaisha.

Sisemi madaktari wana roho mbaya. Ndugu ndio tunaowabana: "Ukimwambia, presha itapanda, atakufa kabla ya siku zake." Daktari mwenye foleni ya rufaa kutoka Geita, Simiyu na Mara atabishana na ukoo saa ngapi? Hata Marekani walikuwa hivyo. Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa, na karibu 90 kati ya kila 100 wakasema hupendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 dodoso lile lile likapelekwa kwa madaktari wa hospitali nyingine nchini humo. 97 kati ya 100 wakasema hupendelea kumwambia. Kwa hiyo desturi hii hubadilika, tena ndani ya miaka isiyofika 20.

Wala siombi kila mzee arushiwe habari usoni. Wapo wasiotaka kujua, wanaosema kabisa, "Ongeeni na wanangu." Ni haki yao, ila waseme wenyewe. Mtu aliyejenga, akazika mume na kuozesha watoto hawezi kuamuliwa kama kichanga.

Ninachoomba ni waraka kwa hospitali zote za mkoa. Kabla ya kukatwa kinyama, siyo baada ya majibu, mzee aulizwe akiwa peke yake: ungependa kuambiwa kila kitu, na nani awepo? Jibu liandikwe kwenye faili, ili hata zamu ikibadilika lionekane. Asiyekimudu Kiswahili atafsiriwe na muuguzi anayejua Kisukuma au Kikerewe, siyo mjukuu aliyeshaagizwa afiche. Ndugu tukija kumbana daktari, awe na la kutujibu: mwenyewe alishasema.

Na wauguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, ambao mazungumzo haya ndiyo kazi yao ya kila siku, waitwe tangu siku hiyo ya swali, wasisubiriwe mpaka mgonjwa afikie kuandikiwa mofini, dawa ya maumivu makali.

Mkazi wa Ilemela, Mwanza