Kwa vijana wa Kigoma mnaouza mtandaoni

Wanangu wa Kibirizi, Katonga, Mwanga na Ujiji, ninyi mnaouza dagaa, migebuka, mawese na vitenge kwa simu, na ninyi mnaopeleka wageni Gombe kwa boti,

Assalaam alaykum. Wasio wa salamu hiyo, mwakeye.

Nawaandikia kwa sababu kila nikikaa barazani nasikia lalamiko lile lile: "Mzee, mtandaoni hakuna wateja." Nikaomba nionyeshwe mnachoweka. Nikaona tangazo moja, picha moja ya dagaa juu ya turubai, maneno yale yale, "Dagaa safi wa Kigoma, mikoani tunatuma, bei njoo inboksi", limewekwa Facebook, Instagram, TikTok, stetasi ya WhatsApp, grupu la ukoo, grupu la msikiti, na mmoja wenu, Mungu ampe umri mrefu, kaliweka hadi LinkedIn. Kote limelala. Watu mtandaoni wamejaa. Ninyi hamjauliza ni watu gani.

Mimi nilikuwa karani bandarini kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mzigo uliofika gatini bila kuandikwa unakokwenda haukupakiwa, hata uwe wa thamani gani. Wa Kalemie ulikuwa na alama yake, wa Bujumbura na yake, wa Mpulungu na yake. Tangazo lenu halina alama.

Tunasema "mitandao ya kijamii" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati haikuzaliwa siku moja wala haikuzaliwa kwa ajili ya watu wale wale. Facebook ilianza Februari 2004 ikiwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard tu, huko Marekani, alikokuwa anasoma Mark Zuckerberg. Ikaenda vyuo vingine, ikashuka hadi sekondari, na ni Septemba 2006 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa yeyote mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea aliye na barua pepe. Wanafunzi wale leo ni watu wa makamo. Na hata hapa kwetu, nikiangalia wanaokaa Facebook, naona mama mwenye duka Kasulu, mwalimu wa Kibondo, mstaafu kama mimi, dereva wa lori aliyelala Nyakanazi. Ni watu wanaosoma maneno, wanaouliza maswali, na wanaoingia kwenye magrupu ya kuuza na kununua wakiwa na shida kamili: nataka gunia, nataka dumu, lini, bei gani.

Hapo kwenye bei nisimame kidogo. Hili la "bei njoo inboksi" nani aliwafundisha? Mteja akiliona anajua unataka kwanza umpime, uone anaongea vipi, anaishi wapi, ndipo umtajie. Mama wa Kasulu hana muda huo. Anapita, ananunua kwa aliyeandika bei hadharani, hata kama dagaa wa huyo wana mchanga. Andikeni bei, andikeni kipimo, andikeni nauli nani analipa. Bei ikibadilika kesho, badilisheni tangazo. Hakuna atakayewashitaki.

Instagram ni mtandao wa macho. Ulipotoka Oktoba 2010 ulikuwa kwenye simu za iPhone peke yake, na watu wa Android wakangoja mpaka Aprili 2012. Kwa hiyo wa kwanza kukaa pale walikuwa wenye simu za gharama na mapenzi ya picha nzuri, na tabia hiyo haijaondoka. Kitenge kitauzika pale, hasa mkikipiga picha kikiwa kimevaliwa, mchana, nje, bila ndoo nyuma yake. Dagaa wa turubai hawatauzika. Mama wa Mikocheni hanunui turubai, ananunua pakiti safi yenye jina na tarehe, na sahani ya dagaa waliokwisha kuungwa kwa mawese, kando pana ugali. Muonyesheni chakula, msimwonyeshe mwalo.

Mwalo upelekeni TikTok. Kule mambo yanakwenda kinyume. Facebook ilijengwa juu ya watu unaofahamiana nao, lakini TikTok inakuletea kinachofanana na ulivyovitazama jana, hata kama aliyekirusha hujawahi kumsikia. Ndiyo maana kijana asiye na wafuasi anaweza kutazamwa na maelfu kwa usiku mmoja. Mitumbwi ikirudi alfajiri Kibirizi, taa bado zinawaka, wapiga makasia wanatupiana maneno: mtu wa Mbeya atatazama, wa Mombasa atatazama, na Mtanzania aliyeko Oman atatazama mara mbili. Lakini msihesabu macho hayo kama fedha. Wengi wao hawatanunua hata kilo. Watakachobaki nacho ni kujua kwamba dagaa wa Kigoma wapo na wewe upo, basi hakikisheni kwenye ukurasa wenu pana namba ya simu. Nimeona video nzuri ajabu ya mmoja wenu isiyo na jina, mahali wala namba. Kafanya hisani kwa ziwa.

WhatsApp msiichanganye na hayo. Si mahali pa kutafutia wageni, ni mahali pa kuwatunza mliokwisha kuwapata. Grupu linachukua watu 1,024, na stetasi inafutika baada ya saa 24, hayo mnayajua. Wasiyoyajua wengi ni haya: ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi inachukua namba 256, na ujumbe wake humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Unatuma, unaona umetuma, kumbe nusu yao hawajapata. Mteja akinunua mara ya kwanza, mwambie pale pale ahifadhi namba yako. Na grupu la ukoo liacheni lizike na liozeshe. Shangazi hawezi kukuambia usitangaze dagaa katikati ya rambirambi, lakini ameona.

Sasa yule wa LinkedIn. Mlimcheka, na mimi nilicheka, lakini mtandao hakukosea, alikosea maneno. LinkedIn ilifunguliwa 2003 kwa ajili ya watu wa kazi na ajira. Wanaokaa kule ni maofisa manunuzi wa hoteli, wa maduka makubwa ya Dar es Salaam, wa mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ofisa manunuzi hataki kusikia "safi" wala "tamu". Anataka kujua mnaweza kutoa kilo ngapi kwa mwezi bila kukatiza, mna TIN, mnatoa risiti ya EFD, bidhaa ina alama ya TBS, na msimu wa ziwa kufungwa mtafanyaje. Mwandikieni hivyo, kwa aya tatu fupi, na mmoja akijibu anaweza kuwashinda wafuasi wote wa Instagram.

Mitandao mikubwa hiyo inatosha. Pinterest na Snapchat sina la kuwaambia, kwa biashara yetu sioni faida. Nataka niwapeleke kwenye ile midogo ambayo hakuna mtu barazani anayeitaja, kwa sababu huko ndiko watu wanakusanyika kwa kupenda jambo moja tu. Wapo watu wa kusoma vitabu wana Goodreads yao tangu 2007, wafumaji wa nyuzi wana Ravelry, wanaoandika programu za kompyuta wana GitHub, watafiti wana ResearchGate, wanaopiga picha za ndege, mimea na wadudu na kuulizana majina wana iNaturalist.

Na wapo wafugaji wa samaki wa mapambo. Hawa nawaomba mwafikirie kwa makini. Ziwa letu lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa kuhe, wengi wao wadogo wa kwenye mawe, wenye rangi na mistari, na karibu wote hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Sisi tunawapita tukienda kutafuta migebuka. Kuna watu Ujerumani na Marekani wamejenga matangi ya vioo sebuleni kwa ajili yao, na usiku wanakaa kwenye mitandao yao wakibishana yule samaki aitwaye frontosa, wa mistari saba, ni wa Kigoma kweli au ametoka kusini zaidi. Jina la Kigoma wanalitaja kila siku. Hawajawahi kufika, na wengi wanatamani. Siwaambii mkawavue na kuwauza, biashara hiyo ina leseni zake na sheria zake. Nawaambia wenye boti: mtu wa namna hiyo akija, hataki sokwe peke yao. Atalipa apelekwe kwenye miamba akapige mbizi awatazame samaki aliowafuga miaka kumi. Nani kati yenu amewahi kumwandikia? Hamuwezi kumpata kwa tangazo la "karibuni Kigoma mwisho wa reli".

Wageni wa Gombe wao ni rahisi zaidi kuwajua. Jina la Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyeshuka pale Julai 1960, linawaleta lenyewe. Kabla ya kupanda ndege wanasoma TripAdvisor, wanaangalia picha Instagram, na wanachotafuta ni vitu vikavu: boti inaondoka saa ngapi, inachukua muda gani, ina maboya ya kujiokolea, bei ni ya mtu au ya boti nzima. Wajibuni hayo kwa Kiingereza chepesi, na mapambo ya maneno yawe machache.

Kisha wenzetu wa ng'ambo. Uvira, Baraka, Kalemie, Rumonge na Bujumbura wako karibu nasi kuliko Dodoma, lakini matangazo yenu yote yanatazama Dar es Salaam. Mrundi anayetaka migebuka hutafuta mukeke, na dagaa kwake ni ndagala, basi andikeni majina yote. Kwa upande wa Kongo tajeni na bei ya dola, kwa kuwa ndiyo fedha ya biashara kubwa kule. Wanunuzi hawa wengi wamo kwenye magrupu ya WhatsApp ya wachuuzi, na grupu la namna hiyo hujiungi kwa kubonyeza. Unaingizwa na mtu aliyemo anayekuamini. Nendeni gatini mkaongee na watu.

Jambo jingine ambalo vijana hamlipendi kusikia: mitandao inakufa. Orkut ya Google ilianza mwaka ule ule wa Facebook, Wabrazil na Wahindi wakaishi humo, ikafungwa Septemba 2014. MySpace iliyokuwa mtandao wa wanamuziki ilitangaza 2019 kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa kabla ya 2016 huenda zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Hapa kwetu X, ile tuliyoijua kama Twitter mpaka Julai 2023, ilizuiwa Mei 2025, na aliyekuwa na wateja wake wote kule aliamka hana pa kuwapata. Wekeni daftari. La karatasi. Jina, namba, mji, alinunua nini, mara ya mwisho lini. Na namba za watu msizigawe wala kuziingiza kwenye magrupu bila ridhaa yao, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Akaunti nayo ijulikane ni ya nani. Nawajua akina mama wawili wa mawese ambao ukurasa wao ulifunguliwa na mpwa kwa namba yake, mpwa kaoa kaenda zake Sumbawanga, na nywila kaenda nayo. Fungueni kwa namba ya kikundi, wekeni uthibitisho wa hatua mbili, na zile tarakimu 6 za WhatsApp asiombwe mtu akazitoa, hata anayeomba akijiita ofisa wa kampuni ya simu.

Ziwa likifungwa, semeni limefungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na bado niliona picha za "dagaa wa leo" mwezi Juni. Mteja wa Facebook anasikiliza redio kama ninyi. Na msidhani watu wa mtandao mmoja hawaoni wa mwingine: mnayotukanana TikTok usiku hupigwa skrinishoti, na asubuhi yako kwenye simu ya yule ofisa manunuzi.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani kwangu. Kila mmoja aje na karatasi yenye majina ya watu watatu waliokwisha kununua kwake, wanaishi wapi, na walimpata kupitia mtandao upi. Tutaanzia hapo kuamua nani abaki wapi na nani ahame. Kahawa ni juu yangu, bando kila mtu na lake.

Mzee wenu,
Ujiji