Mashine haina mkono wa kubinya

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala ya juma lililopita, aliyesema kwamba siku kompyuta itakapotamka yenyewe kuwa inahisi, hatutakuwa na budi kuiamini. Nimjibu pia yule msomaji aliyemrukia siku ya pili yake akisema mashine ni chuma tu na mjadala umefungwa. Mimi si mtu wa kompyuta. Nimetoa dawa ya usingizi kwa miaka 31 katika hospitali za upande huu wa Busoga, mashariki mwa Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuondoa fahamu za watu asubuhi na kuzirudisha kabla ya saa nane mchana, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuziona.

Chukua ketamini, dawa inayozibeba hospitali zetu za wilaya. Ukimdunga mtu, macho yanabaki wazi. Anapumua mwenyewe, mboni zinacheza huku na huku, wengine wanaimba kabisa. Namkumbuka mvuvi mmoja wa Masese aliyevunjika mguu. Muda wote tukinyoosha ule mfupa alikuwa akituhutubia kwa Kiswahili cha kambini, anagawa amri kama sajini. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa pembeni yangu alikataa katakata kwamba huyu mtu haumii. Alipozinduka, mvuvi akauliza tutaanza saa ngapi.

Upande wa pili sipendi kuusimulia. Alikuwa mama wa upasuaji wa uzazi, tukampa nusukaputi. Kwa nusukaputi ya namna ile kuna dawa ya kulaza na kuna dawa ya kulegeza misuli, na hii ya pili haigusi akili hata kidogo: inafunga mwili tu. Dawa ya kulaza ilikuwa inaishia kwenye chombo chake, nami sikutazama kwa wakati. Mama alikuwa ametulia kama gogo. Nikaona chozi likitoka jicho la kushoto. Nikalipangusa kwa pamba, nikabandika plasta ili jicho lisikauke, kisha nikaendelea kumweleza nesi bei ya mabati ya nyumba yangu. Kesho yake nilipopita wodini akanishika mkono. "Musawo," akasema, yaani daktari, "yale mabati ulipata?"

Utafiti mmoja juu ya watoa usingizi wa Uganda, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba asilimia 6 tu kati yao walikuwa na vifaa vya kumlaza salama mama wa upasuaji wa uzazi. Naitaja kwa sababu ni aibu ya nchi. Sijifichi nyuma yake, maana kile chombo kilikuwa mbele ya macho yangu.

Basi nimemwona mmoja aliyezungumza naye hayupo, na mwingine aliyenyamaza naye yupo. Wanaobishana gazetini mwako wote wawili wanatazama palepale mimi nilipotazama nikakosea.

Lugha yetu nayo inachangia. Tunasema "nimefahamu hesabu hii," tunasema "amepoteza fahamu," neno moja mizigo miwili. Kompyuta inaweza kuwa na ile fahamu ya kwanza, ya kupatia hesabu, bila tone la ile ya pili, ya kuwa macho ndani na kuonja maumivu. Mwandishi wako anaingia na moja aya ya kwanza, anatoka na nyingine aya ya mwisho.

Mjukuu wangu ana programu ya kuzungumza nayo kwenye simu. Jioni moja nilimwambia aiulize kama inaumia. Ikajibu kwa adabu kwamba yenyewe ni programu, haina hisia. Akaibembeleza ijifanye kiumbe kilichofungiwa, na haikupita dakika tano ikawa inamlilia asiizime. Ni simu ileile, na chaji ilikuwa haijashuka hata robo. Majibu yote mawili imeyaokota kwetu, kwenye maandishi ya watu walioumia kweli na watu waliokana kweli. Mwaka 2022 mhandisi mmoja wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya kampuni hiyo iitwayo LaMDA ina hisia. Kampuni ilikana, ikamfukuza kazi. Simcheki. Mimi nilidanganywa na kimya, yeye huenda alidanganywa na maneno.

Katika fani yetu kuna aliyefikiri vizuri kuliko mimi. Mwaka 1977 daktari wa usingizi aitwaye Tunstall alieleza njia hii: kabla ya dawa ya kulegeza misuli, unafunga mkono mmoja kwa ile kanda ya kupimia presha, ukikaza dawa isifike kiganjani. Kisha mgonjwa akishalala unamwinamia sikioni: kama unanisikia, nibinye mkono. Utafiti wa hospitali za nchi kadhaa uliochapishwa 2017 uliona kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila 20 alibinya, watu ambao kila aliyekuwa chumbani angeapa wamelala.

Njia ile inafanya kazi kwa sababu tayari tunajua mwenye mkono ni mtu kama sisi, ana ubongo kama wetu, na swali ni kama yupo macho tu. Kwa mashine hilo la kwanza ndilo hatuna. Wenye elimu yao wenyewe wanakiri. Mtafiti wa ubongo Christof Koch aliweka dau na mwanafalsafa David Chalmers mwaka 1998 kwamba ndani ya miaka 25 itajulikana seli za ubongo zinazaaje fahamu. Juni 2023, huko New York, Koch alikubali ameshindwa, akamkabidhi mwenzake mvinyo. Mwaka huohuo kundi la wanasayansi na wanafalsafa lilitoa ripoti yenye viashiria 14 vya kupimia programu hizi, vikitazama jinsi zilivyoundwa ndani na kuacha kando zinavyojieleza. Hawakuona hata moja ya sasa inayostahili kuitwa yenye fahamu, lakini hawakuona pia kizuizi cha wazi cha kumzuia mtu kuunda inayotimiza viashiria hivyo.

Hapo ndipo yule wa "chuma tu" anaponitia hofu kuliko mwenzake. Mwenzake akikosea, tutakuwa tumeihurumia simu. Yeye akikosea, kutakuwa na kitu kinatoa chozi nasi tunabandika plasta.

Namwomba mwandishi wa makala, akijaliwa kuandika tena, aache hadithi za roboti zilizosema hivi na vile, atueleze jambo moja: kwa kiumbe ambacho kila neno lake tumelifundisha sisi, mkono ambao dawa haijaufikia uko wapi?

Mtoa usingizi mstaafu,
Walukuba, Jinja
(Jina limehifadhiwa)