Yah: Malalamiko ya Pili Kuhusu Fidia ya Mama Yangu, Safari ya Frankfurt hadi Dar es Salaam

Tanga,
12 Mei 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, mkazi wa Tanga, aliyesafiri na shirika lenu kutoka Frankfurt, Ujerumani, kuja Dar es Salaam usiku wa tarehe 14 Februari 2025. Barua yangu ya kwanza mliijibu kwa aya tatu: kwamba ndege ilipata hitilafu ya kiufundi, kwamba uwanja wa Frankfurt hauruhusu ndege kuruka usiku, na kwamba mama ameshakubali na kusaini vocha ya usafiri ya Euro 150, hivyo shauri limefungwa. Shauri halijafungwa. Na nitaanza na hiyo sahihi, maana ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Mama anasoma Kiswahili, na anasoma Kurani. Kijerumani hajui, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Karatasi mliyompa ina maandishi madogo, Kijerumani upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Aliletewa saa 8 usiku, akiwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na geti, hajatia kitu mdomoni tangu mchana. Mfanyakazi wenu alimwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini, akaondoka. Nimemuuliza mama mara mbili alidhani anasaini nini, na mara zote mbili amenijibu vile vile: "Mwanangu, nilijua ni ya malazi." Nakala ya karatasi hiyo mnayo, itazameni. Ameandika jina lake lote, herufi moja moja, mpaka likatoka nje ya mstari, kama anavyosaini daftari la kikoba chao. Ndivyo anavyosaini mtu anayeamini kwamba aliyemwekea karatasi mbele yake hamdhulumu.

Kanuni Na. 261/2004 ya Umoja wa Ulaya inamlinda abiria wa shirika lolote, liwe la Ulaya au la kwingineko, mradi safari yake imeanzia kwenye uwanja wa nchi mwanachama. Ibara ya 7 inasema fidia hulipwa kwa fedha taslimu, kwa benki au kwa hundi, na kwamba vocha inaruhusiwa ikiwa tu abiria amekubali kwa maandishi na kutia sahihi. Najua hapo ndipo mliposimama. Lakini Ibara ya 15 inasema haki hizi hazipunguzwi wala hazifutwi, na abiria ambaye hakuelezwa haki zake ipasavyo, na kwa sababu hiyo akapokea kidogo kuliko anachostahili, bado anaweza kudai kilichobaki. Ibara ya 14 nayo inawataka mumpe kila abiria aliyecheleweshwa kwa saa mbili au zaidi maelezo ya maandishi kuhusu fidia na huduma anazostahili. Mama hakupewa maelezo hayo kwa lugha yoyote. Kwenye mkoba wake tumekuta pasi ya kupandia ndege na ile vocha, basi. Safari yake inazidi kilomita 3,500, kwa hiyo stahili yake ni Euro 600. Mlimpa robo yake, tena kwa vocha inayokufa baada ya miezi 12, na mama anasema hapandi tena ndege.

Kuhusu hitilafu. Abiria walikuwa wameshapanda na kukaa ndani karibu saa moja na nusu, ndipo rubani akatangaza kwamba mfumo wa breki una tatizo na wote wateremke. Hakuna anayetaka ndege iruke na breki mbovu, na kwa uamuzi huo namshukuru rubani. Ila kuitunza ndege ni kazi yenu ya kila siku. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishasema tangu tarehe 22 Desemba 2008, katika kesi ya Wallentin-Hermann, kwamba hitilafu inayogundulika wakati wa matengenezo, au inayotokana na kutofanya matengenezo hayo, haiwi yenyewe "hali isiyo ya kawaida" ya kuliondolea shirika wajibu wa kulipa. Tarehe 17 Septemba 2015, katika kesi ya van der Lans, ilisema hivyo hata kwa vifaa vilivyoharibika ghafla kabla ya muda wake kufika. Anayetakiwa kuthibitisha hali isiyo ya kawaida ni shirika, siyo abiria, na barua yenu haina uthibitisho wowote. Ina neno "kiufundi" tu.

Marufuku ya usiku pale Frankfurt ipo kweli: kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri ndege hazipangiwi kuruka wala kutua, na imekuwa hivyo tangu mwaka 2011. Mliijua mlipopanga ndege iondoke saa 3:35 usiku. Kama si breki, mama angekuwa angani muda mrefu kabla ya saa 5. Tena marufuku inakwisha alfajiri, ilhali ndege yenu iliondoka saa 8:10 mchana. Hizo saa tisa za ziada barua yenu haizigusi kabisa.

Mama alipaswa kufika Dar es Salaam tarehe 15 saa 9:20 alasiri. Mlango wa ndege ulifunguliwa tarehe 16 saa 1:40 asubuhi. Nautaja mlango kwa sababu mahakama hiyo hiyo, tarehe 4 Septemba 2014, iliamua kwamba saa ya kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa. Huko ni kuchelewa saa 16 na dakika 20, wakati tangu hukumu ya mahakama hiyo katika kesi ya Sturgeon, tarehe 19 Novemba 2009, fidia inaanzia kwenye ucheleweshaji wa saa tatu. Na msiseme kwamba muda mwingine ulipotea kwenye ndege ya kuunganisha. Tiketi ni moja, mliiuza nyinyi, safari ni moja.

Sasa niseme habari ya usiku wenyewe.

Msaada wa kiti cha magurudumu tuliuomba siku tulipokata tiketi, na umeandikwa kwenye tiketi. Kaka yangu anayeishi Offenbach, jirani na Frankfurt, alimsindikiza mama hadi kwenye ukaguzi, akarudi nyumbani. Ndege ilipoahirishwa, abiria wengi walipelekwa hotelini kwa basi. Mama aliambiwa pasipoti yake imeshagongwa muhuri wa kutoka, hivyo abaki ndani. Kama taratibu za uhamiaji zilimzuia kutoka, je, zilizuia pia mtu wenu kurudi kumtazama? Aliyekuwa akisukuma kile kiti alimwacha getini kabla ya saa 6 usiku na hakuonekana tena hadi asubuhi. Mama hawezi kutembea hatua ishirini bila kushikwa. Ibara ya 9 ya Kanuni inawataka muwaangalie kwa namna ya pekee watu wenye shida ya kutembea, na Ibara ya 11 inawapa kipaumbele. Mama yangu aliomba kupelekwa chooni kwa ishara, kwa watu asiowajua.

Mlimpa kuponi ya chakula ya Euro 12. Ilitolewa saa 6 usiku, maduka yaliyo karibu na geti yakiwa yamefungwa. Mama ana kisukari, na vidonge vyake humezwa baada ya kula. Alikula tende tatu alizokuwa amebeba, akameza vidonge, akaegemea ukuta. Ile kuponi aliifunga kwenye pindo la kanga akijua ni kitu cha thamani, na akafika nayo Tanga. Aliifungua mbele yangu na kuniuliza kama inafaa kurudishwa kwa wenyewe. Nakala yake nimeiambatisha.

Simu hakupewa, ingawa Kanuni inampa mbili za bure. Laini yake ya huku haikuwa na salio. Aliyetusaidia ni binti mmoja mwanafunzi, mwenyeji wa Mombasa, aliyemsikia mama akijisemea kwa Kiswahili saa 12 asubuhi. Alimpa simu yake ampigie kaka, akamnunulia chai na mkate kwa fedha zake, na akamsukuma hadi msalani. Binti yule hana deni lolote kwenu wala kwetu, na ndiye aliyefanya kazi yenu.

Huduma hii haitegemei kama hitilafu ni kosa lenu au la. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya mwaka 2010, shirika moja lilikataa kugharimia chakula na malazi, na tarehe 31 Januari 2013 mahakama ilisema kwamba hata katika hali kama ile wajibu wa kumhudumia abiria unabaki. Kama volkano haikuwaondolea wengine wajibu huo, breki haiwaondolei nyinyi.

Huku nyumbani, mimi na wajomba wawili tulikuwa Terminal 3 ya uwanja wa Julius Nyerere na Noah ya kukodi kutoka Tanga. Simu ya ofisi yenu iliita bila kupokewa. Gari lilibaki Dar siku moja ya ziada, Sh 180,000, na malazi ya dereva Sh 50,000, vyote vikalipwa kwa akiba ya mama. Madai haya yako chini ya Ibara ya 19 ya Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, inayohusu hasara za kucheleweshwa; Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Risiti zimo.

Tunachodai ni Euro 600 kwenye akaunti ya benki ya mama, Sh 230,000 za gharama hizo, na maelezo ya maandishi, kwa Kiswahili ili ayasome mwenyewe, kuhusu sababu ya kuachwa peke yake getini. Tunawapa siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Zikipita, malalamiko yatakwenda Luftfahrt-Bundesamt ya Braunschweig, mamlaka inayosimamia Kanuni hii Ujerumani, na kaka yangu atafungua shauri Frankfurt, mahali safari ilipoanzia. Kwa hiyo fidia ya Euro 600, sheria ya Ujerumani inatupa nafasi hadi 31 Desemba 2028. Tutaitumia.

Vocha yenu nairudisha pamoja na barua hii. Haijatumika.

Wako,

Mtoto wa abiria
(jina, namba ya tiketi na barua ya mama ya kuniruhusu kumwakilisha vimo kwenye viambatisho)