Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: miaka 6 ya kudai hela ya mkataba mahakamani inaanza kuhesabiwa lini?

Mheshimiwa Waziri, salaam. Mimi ni mkandarasi wa daraja la saba, yaani la chini kabisa, naandika toka Morogoro, na sijaja kukuomba uingilie mahakama maana rufaa yangu ipo Mahakama Kuu na huko wataamua wenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilimjengea mtu hosteli ya ghorofa moja, funguo nikakabidhi Machi 2018. Kwenye mkataba tuliandikiana asilimia 5 ya hela abaki nayo mwenye jengo mpaka miezi 12 ya matazamio iishe, ndo kawaida ya kazi zetu, ukitokea ufa au kitasa kikasumbua unarudi unarekebisha kwa gharama yako halafu ndo unamaliziwa chako. Machi 2019 ikafika, nikaanza kuzungushwa, njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi, baadae simu hapokei kabisa. Nikavumilia weee, Agosti 2024 nikafungua kesi.

Wakili wake akaweka pingamizi la awali kwamba nimechelewa. Sheria ya Ukomo, Sura 89, ile inayopanga mwisho wa muda wa kufungua kesi, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, hilo sibishi. Ubishi ni inaanza lini. Hakimu kahesabu toka siku ya funguo, kesi ikatupwa hata shahidi mmoja hajasikilizwa. Lakini sheria hiyohiyo inasema muda unaanza siku haki ya kudai inapozaliwa, sasa Machi 2018 ningedai nini wakati hela yenyewe haijaiva? Ningeenda mwaka ule si ningerudishwa nyumbani kwamba nimewahi?

Na Januari 2019 nilirudi pale na fundi wangu, juu ya linta ya dirisha la kwenye ngazi kulikuwa na ufa kidole kinaingia, tukabandua plasta, tukaziba, tukapaka rangi upya, mwenye jengo akasaini karatasi kuwa karidhika. Kama mkataba uliishia siku ya funguo, plasta ile nilikuwa napiga kwa mkataba gani?

Watu wanaona asilimia 5 ni ndogo. Kwa sisi wadogo hiyo ndo faida yenyewe, zingine zote zimeishia kwenye saruji, nondo na vibarua.

Mheshimiwa, naomba mawili. Kwanza peleka bungeni marekebisho, mstari mmoja tu, kwamba hela ya matazamio muda wake uhesabiwe toka siku inapotakiwa kulipwa. La pili, kifungu cha 44 cha sheria hiyo, toleo la 2019, kinakupa wewe nguvu ya kuongeza muda ukishauriana na Mwanasheria Mkuu, usizidi nusu, yaani kwa mkataba miaka 3. Wakandarasi wengi niliowauliza hawajawahi hata kukisikia. Basi wizara itutangazie: mtu anaandika barua kwa nani, anaambatanisha nini, na anajibiwa ndani ya siku ngapi?

Mkandarasi wa daraja la saba,
Morogoro