Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Ambao Spika Ilikufa

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wapenzi wa filamu za kutisha inanitaka niwaeleze kila mwisho wa mwaka tulichofanya, tulichotumia na tunakoelekea. Nitayagusa yote matatu, ila msitegemee niyape nafasi sawa. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Mimi niseme tu kwamba hatudaiwi na mtu, na kwamba fungu la viti vipya lilimezwa na spika. Waliokaa vibaya mwaka huu nawaomba radhi, na radhi hiyo iwafikishe mwaka ujao pia.

Tulikutana kila mwezi isipokuwa mmoja. Wamejiunga wapya kadhaa, wakajitoa wawili, ambao nitawafikia.

Sasa hiyo spika. Filamu iliyokuwa ikionyeshwa usiku ule siitaji jina, maana aliyeileta tunaye humu na ameshataniwa vya kutosha. Ilikuwa mpya, ya nyumba yenye mizimu. Tulipofika katikati, spika ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Katibu, ambaye ndiye peke yake anayejua waya upi unaingia wapi, akapiga magoti kwenye nyaya zake. Sisi tukaiacha picha iendelee. Yule dada akafungua kabati: paka. Akafunga kabati, akageuka: mumewe. Akainama kunawa uso, akainua kichwa: sura kwenye kioo. Ule mlio wa kupasua masikio haukuwepo, na bila mlio, vitisho vyote vile vilibaki kuwa watu wanaotokea ghafla mahali wanapoishi. Mtu mmoja nyuma akaanza kuhesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, haya, dirisha!" Na dirisha likaja kweli. Kufikia mwisho ukumbi mzima ulikuwa ukihesabu na kushangilia kama uwanjani.

Mwezi uliofuata spika ilikuwa bado kwa fundi. Wengi mlitaka kikao kiahirishwe. Katibu akasema, kama sauti hatuna, basi tutazame filamu iliyozaliwa bubu. Tukaweka Nosferatu ya F. W. Murnau, ya mwaka 1922, bila hata muziki wa kuisindikiza. Mnakikumbuka kile kivuli kinachopanda ngazi? Mgongo umepinda, pua imechongoka, vidole vimerefuka kupita kiasi, na mwenye kivuli haonekani. Mkono unanyooka kuelekea mlangoni polepole, bila haraka yoyote. Hakuna aliyehesabu. Nilichosikia ni feni ya projekta na jirani yangu akimeza mate. Filamu yenyewe ilinusurika kwa bahati: mjane wa Bram Stoker aliishtaki kwa kuchukua hadithi ya Dracula bila ruhusa, mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe, ila nyingine zilikuwa zimeshatawanyika.

Tangu usiku ule nimekuwa mtu wa hoja moja, na najua imewachosha. Kushtuka na kuogopa ni vitu viwili. Mlango ukibamizwa na upepo utashtuka, hata ukiwa shujaa; ukishajua ni upepo, kwisha. Kuogopa kunakuja baadaye, umeshafika kwako, unapita mbele ya chumba ambacho hukuwasha taa. Filamu mbaya inakushtua mara thelathini na kukuacha ulale usingizi wa mtoto. Nzuri inaweza isikushtue hata mara moja.

Wapo walionielewa vibaya wakadhani nakataa mshtuko. La. Mshtuko wa heshima tuliuona kwenye Cat People ya mwaka 1942, kazi ya Jacques Tourneur akishirikiana na mtayarishaji Val Lewton. Mwanamke anatembea usiku peke yake, nyuma yake nyayo za viatu vya mwanamke mwingine. Kisha zile nyayo zinakoma. Anaongeza mwendo, anageuka, hakuna mtu. Ukimya unavutwa mpaka unatamani mtu akohoe. Halafu ngurumo kali, kama ya mnyama anayerukia: kumbe ni basi limesimama pembeni yake. Mbinu hiyo mpaka leo inaitwa basi la Lewton. Shida ya watengenezaji wengi wa siku hizi ni kwamba wanatuletea basi, ule mwendo wa usiku wameuruka.

Kikao kilichonifurahisha kuliko vyote ni kile cha The Haunting mbili kwa usiku mmoja. Ya kwanza ni ya Robert Wise, ya mwaka 1963. Watu wanne wamejifungia sebuleni usiku, kitu kinatembea nje ya mlango, na ule mlango mzito wa mbao unaanza kufura kuja ndani, unatulia, unafura tena, kama kifua cha mtu anayepumua. Kilicho nyuma yake hatuonyeshwi kamwe. Ya pili ni ya Jan de Bont, ya mwaka 1999, yenye nyumba ileile na kompyuta za kutosha. Humo kila kitu kinaonekana: sanamu zinageuza vichwa, dari linakuwa na uso, nyumba nzima inachezacheza. Tulipowasha taa, mwanachama mmoja mpya aliuliza kwa unyonge, "Samahani, kwani ile ya kwanza, nyuma ya mlango kulikuwa na nini?" Watu watatu wakajibu kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa na kitu chake. Hakuna aliyeuliza lolote kuhusu ya pili.

Mjumbe wetu wa ufundi alileta hoja kwamba wazee wale hawakuwa na hekima yoyote, walikosa vifaa tu. Nakubali nusu. Kwenye Jaws ya mwaka 1975, yule papa wa mashine aliharibika kila alipotiwa baharini, Steven Spielberg akalazimika kuonyesha mapipa yanayoelea na kutuachia muziki wa John Williams. Papa mwenyewe tunamwona sawasawa baada ya saa nzima kupita. (Kama Jaws ni filamu ya kutisha au la, tulibishana mwaka juzi na sitaki kurudi huko.) Lakini kukosa kifaa hakumpi mtu akili, Spielberg alijua afanye nini na ukosefu wake. Na ukiwa na vifaa vyote unaweza kuharibu pia. Filamu ya mwaka 2011 iliyokuja kueleza yaliyotangulia The Thing ya John Carpenter ilitengenezewa viumbe kwa mikono ya mafundi hasa, kisha sehemu kubwa ya kazi yao ikafunikwa kwa picha za kompyuta. Tuliitazama tukiwa tumeshaona kazi ya fundi wa viumbe Rob Bottin kwenye hiyo ya Carpenter, kile kichwa kinachoota miguu ya buibui na kutembea zake sakafuni. Kile kiliwahi kuwepo chumbani na waigizaji, na jicho linajua.

Ugonjwa mwingine uliotusumbua mwaka huu ni maelezo. Zimwi linaua vizuri tu, halafu anatokea mzee mwenye kitabu cha vumbi anatusimulia utoto wa hilo zimwi. Halloween ya mwaka 1978 inamwacha muuaji wake, Michael Myers, bila sababu: daktari wake mwenyewe hana la kusema zaidi ya kwamba ni uovu. Sehemu ya pili, mwaka 1981, ikaja kutuambia kwamba binti anayewindwa ni dada yake. Basi, hofu ikageuka ugomvi wa kifamilia. Ile ya mwaka 2018 iliufuta udugu huo, na ndani ya ukumbi wetu ilipigiwa makofi kwa jambo hilo kabla haijafika popote.

Kuhusu steringi, yaani mhusika mkuu. Wapya kadhaa walikuja na imani kwamba steringi hafi. Tuliwatibu kwa Psycho ya mwaka 1960, ambamo Alfred Hitchcock anamuua bafuni mwanamke tuliyemfuata tangu mwanzo, filamu haijafika hata nusu. Tukamalizia na Night of the Living Dead ya mwaka 1968. George Romero anamtoa steringi wake, Duane Jones, salama mikononi mwa wafu usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na waliokuja kuokoa. Binti mmoja alikasirika akasema tumemlaghai. Amelipa ada ya mwaka ujao.

Sasa kosa langu, kabla hamjaniuliza. Niliandika kwenye ubao wa matangazo kwamba filamu za kamera ya nyumbani, zile zinazojifanya zimepigwa na wahusika wenyewe, ni uvivu uliopewa jina. Mkanichagulia Paranormal Activity kwa makusudi. Oren Peli aliipiga nyumbani kwake mwenyewe, kwa takriban dola 15,000. Kamera imesimamishwa chumbani, wawili wamelala, saa pembeni ya picha inakimbia. Mlango wa chumba unasogea. Kidogo tu, kisha unarudi. Nilikwenda nyumbani, nikaufunga mlango wa chumba changu, nikaona afadhali uwe wazi, nikaufunga tena. Nimelifuta lile tangazo.

Kutokana na aibu hiyo napendekeza kanuni mpya: filamu isipigiwe kura usiku uleule. The Thing ya Carpenter ilipotoka mwaka 1982 ilisemwa vibaya na kuingiza kidogo, wiki mbili baada ya E.T. kuwateka watu na kiumbe wake mpole. Leo mtafute asiyeisifu. Tupige kura baada ya mwezi, tuone nani bado anaikumbuka.

Wale wawili waliojitoa waligombana kuhusu The Shining. Mmoja alisema filamu ya Stanley Kubrick haina kasoro; mwingine alishikilia kwamba Stephen King, mwenye hadithi yake, hakuipenda, na ndiyo maana mwaka 1997 akaandika toleo la televisheni. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili wakaondoka na viti vyao walivyokuja navyo. Mmoja nimeongea naye. Mwingine hapokei simu.

Malalamiko madogo: wanaosoma manukuu ya chini ya picha kwa sauti waache. Usiku wa Ringu, filamu ya Kijapani, mzimu wake Sadako anatoka kisimani kwa ile miondoko iliyokatikakatika (mwigizaji alitembea kinyumenyume na picha ikageuzwa), na nyuma yangu mtu anasoma kama mtangazaji. Pia anayejua mwisho autunze.

Spika imerudi kutoka kwa fundi na imejaribiwa. Mwaka ujao tutafungua na The Innocents ya mwaka 1961. Inaanza kwa giza tupu, hakuna picha, na sauti ya mtoto akiimba peke yake. Inachukua muda. Nawaombeni sana, mtu asije akapiga kelele kwamba projekta nayo imekufa.

Mwenyekiti