Kazi iko kwenye msasa: kuhusu bei ya kung'arisha vifaa vidogo vya metali

Lalamiko linalorudi mara nyingi kuliko yote katika karakana yetu hapa Katwe, Kampala, linahusu bei. Mteja anaweka mezani tochi ya alumini, kasha la saa, kitasa cha mlango au kifuniko kidogo cha injini ya bodaboda, anauliza tutamtoza kiasi gani kukiondolea rangi na kuking'arisha, na akiambiwa shilingi 45,000 anashtuka. Jibu lake huwa moja: mashine ya kufanya kazi hiyo inauzwa sokoni Kikuubo, inashikika kwa mkono mmoja, na katika video aliyoiona kwenye simu kazi yote ilikwisha ndani ya dakika tano. Wengine huondoka na kwenda kuinunua au kuiazima. Wengi wa hao hurejea baadaye na kifaa kilekile kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, na hapo bei yetu huwa imepanda. Hivi karibuni mteja mmoja wa aina hiyo aliwaambia majirani zetu kwamba tumemwibia, kwa sababu yeye alikuwa ametupunguzia kazi nasi tukamtoza zaidi. Kwa heshima yake, na kwa ajili ya wote wenye dhana kama hiyo, ninaeleza hapa fedha zinakwenda wapi.

Mashine yenyewe ni ile mota ndogo yenye mdomo wa kubana vijiti, ambayo mafundi wengi huiita Dremel hata kama haikutengenezwa na kampuni hiyo. Huweza kuzunguka mara 5,000 kwa dakika na huweza kupita mara 30,000, na mnunuzi mpya karibu kila mara huifungulia hadi mwisho. Kigurudumu cha feliti, yaani sufu iliyoshindiliwa, chenye kipenyo cha milimita 25 kikizungushwa mara 30,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia mita 39 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Kwa mwendo huo sabuni ya kung'arishia (si ya kuogea, bali kipande cha nta chenye unga wa kusugulia) haikai kwenye feliti bali hurushwa ukutani, kidogo kinachobaki huungua na kuwa utando mweusi, na alumini, ambayo ni laini, huburutwa badala ya kukatwa. Sisi tunapong'arisha alumini hatupiti mizunguko 10,000. Brashi nyingi za waya huandikiwa kikomo cha 15,000, kwa sababu zaidi ya hapo nyuzi zake hung'oka na kuruka usoni. Asiyevaa miwani ya kazi hana sababu ya kuiwasha mashine hiyo.

Hata ikiendeshwa kwa mwendo unaofaa, mashine hii ni ya pembe, matundu, kingo za herufi na mahali kidole kisipofika. Ukiipitisha juu ya uso ulio bapa au kwenye mwili wa mviringo wa tochi, kigurudumu chake kidogo huchimba mabonde, na ukikiinua kifaa chini ya taa ya mrija utaona mwanga ukiyumba juu yake. Mwili wa tochi tunaufunga kwenye mashine ya kukerezea, tunauzungusha polepole, na tunashika msasa wenye maji kwa mkono. Uso bapa tunausugua kwa msasa uliozungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka. Ile mashine ndogo, ambayo mteja anaamini ndiyo inayofanya kazi yote, kwetu hufanya sehemu iliyo ndogo kuliko zote.

Kabla ya msasa kuna kuondoa kile kilichofunika metali, na hapa ndipo mtu hujiumiza zaidi kwa kutafuta njia ya mkato. Weusi wa tochi nyingi za alumini si rangi iliyopakwa. Alumini hiyo imetiwa ndani ya asidi na kupitishiwa umeme mpaka uso wake ukageuka kuwa oksidi, kisha rangi ikanywewa ndani ya vitundu vyake. Tabaka hilo kwa kawaida ni la mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache hadi 25, lakini ni oksidi ileile ambayo punje za msasa wa kawaida hutengenezwa kwayo. Ndiyo sababu mtu huona amemaliza karatasi kadhaa za msasa na weusi bado uko palepale, au umetoka kwenye kingo tu na kuacha madoa katikati.

Njia ya haraka ni soda kali, ile kostiki wanayotumia watengenezaji wa sabuni na wazibuaji wa mifereji. Huyeyusha oksidi hiyo vizuri, nasi tunaitumia, lakini ikimaliza oksidi haisimami: huendelea kuila alumini yenyewe huku ikitoa gesi ya hidrojeni, ambayo hushika moto kwa urahisi. Tunaichanganya iwe hafifu, tunasimama karibu na beseni mahali penye hewa, tumevaa glavu na miwani, tunachungulia kila baada ya muda mfupi na kusuuza mara weusi unapoachia. Mzee mmoja wa Makindye alisoma nusu ya maelezo hayo mahali fulani, akaitumbukiza tochi yake na kwenda msikitini. Aliporudi tochi ilikuwa nyeupe kweli, ila hesi za kifuniko, yaani ile mistari ya kufungia kwa kuzungusha, zilikuwa zimeliwa kiasi kwamba kifuniko kilizunguka bila kushika. Hesi iliyoliwa hairudishwi kwa kung'arisha. Ilibidi tukereze hesi mpya kwenye mwili wa tochi na kumtengenezea kifuniko kingine, na gharama ya kazi hiyo ilipita bei ya tochi mpya. Alikubali kuilipa kwa kuwa tochi ile ilikuwa ya marehemu kaka yake.

Kwa shaba njano watu hukimbilia maji ya betri. Vinara vya mishumaa vya kanisa moja vililetwa kwetu vikiwa na rangi ya waridi, na aliyevileta alidhani ni uchafu ambao bado haujatoka. Haukuwa uchafu. Shaba njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi ikikaa juu yake usiku kucha huiondoa zinki na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu. Ule uwaridi ulikuwa metali iliyokwisha kudhoofika, nasi tulilazimika kuushusha wote kwa msasa mpaka tukafikia shaba nzima, na nakshi za pembeni zikapungua kina chake. Laka kuukuu juu ya shaba hutoka kwa thina na kitambaa, au kwa maji yaliyochemka. Njia hiyo huchukua muda, lakini haiharibu kitu.

Kuna mteja mwingine aliyeona ametapeliwa, na kisa chake ndicho kilichotufanya tuweke utaratibu tunaoufuata sasa bila kumruka mtu yeyote. Mama huyo alileta vitasa vya rangi ya dhahabu, akasema ni vya shaba kwa sababu alikwisha kuvijaribu kwa sumaku na havikushika. Sumaku ilimwambia kweli, lakini ilimwambia tu kwamba si chuma cha kawaida. Zinki nayo haishiki sumaku, na vitasa vingi vya bei nafuu ni aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu, kisha ikafunikwa kwa shaba, nikeli na mng'ao mwembamba wa juu. Mng'ao huo ukiwa wa krome ya mapambo, kwa kawaida haufiki hata mikroni moja. Tulipokwangua kidogo upande wa ndani, palitokea kijivu, naye akasema tumembadilishia vitasa vyake. Tangu hapo tunakwangua mbele ya mwenye mali, kabla ya kupokea hata shilingi moja, na tunamwonyesha rangi ya kile kilicho chini. Kikiwa cha zinki tunamshauri asikibandue kabisa. Aloi hiyo huwa na viputo ndani, ukiisugua hufunguka matundu, na mng'ao utakaoupata leo utafifia baada ya muda mfupi. Tumewarudisha nyumbani wateja wengi kwa ushauri huo bila kupata chochote, na anayetuita walafi ajue hilo.

Sasa msasa, ambao ndio unaokula muda na ndio unaolipiwa. Tunaanza na namba 240 au 320 kulingana na makovu yaliyopo, kisha 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000; namba ikiwa kubwa, punje huwa laini zaidi. Kila namba ina kazi moja tu, nayo ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na ili kujua kwamba imefutika tunabadilisha mwelekeo wa kusugua kila tunapopanda: tukienda kwa urefu sasa, namba inayofuata inakwenda kwa kukingama, na hatusogei mbele mpaka mistari ya zamani iishe yote. Tunaosha kifaa na kubadilisha maji kila mara, kwa sababu punje moja ya 240 iliyobaki kwenye beseni ikiingia chini ya karatasi ya 1500 huturudisha nyuma ngazi nne. Baada ya 2000 metali huwa na ukungu laini, na ndipo feliti na sabuni huingia: ya kahawia ya kukata kwanza, kisha nyeupe ya kumalizia kwa alumini na shaba, au ya kijani kwa chuma kisichoshika kutu. Hatua hiyo ya mwisho kweli ni ya dakika chache. Video zinaonyesha hatua hiyo.

Anayeruka kutoka 240 hadi feliti hapati kioo. Anapata mikwaruzo inayong'aa, kwa sababu feliti huzungusha kingo za mikwaruzo bila kuiondoa, na kadiri anavyokandamiza ndivyo anavyolainisha kona zilizopaswa kubaki kali na kufuta maandishi ya kiwandani. Kwa hiyo kifaa kilichokwisha kupita mikononi mwa mwenyewe hatukipokei kikiwa na kazi iliyopungua. Tunakipokea kikiwa na mabonde ya kusawazisha, utando ulioungua wa kuosha, na unene uliopungua ambao hauturuhusu kukosea. Bei ya 80,000 kwa tochi ya namna hiyo haina adhabu ndani yake; muda wa kuifanya ni karibu mara mbili.

Vifaa vyenye betri vina tahadhari yao. Katika tochi nyingi umeme hurudi kupitia mwili wenyewe na hesi za mkiani, na sabuni ya kung'arishia iliyoganda ndani ya hesi hizo huufanya mwanga upepese au uzime. Tunaziosha kwa brashi laini na mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, na raba za kuzuia maji tunazitoa kabla ya yote. Vijana waliotoka nje ya nchi wametuletea pia sigara za kielektroniki za mwili wa metali, wakitaka zibanduliwe na kung'arishwa kama kioo. Hizo hatuzipokei. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuziingiza nchini Uganda, kuzitengeneza na kuziuza, nasi hatutaki ziwe mezani petu. Zaidi ya sheria, zile za mrija mtupu hazina saketi ya ulinzi: mkondo mkubwa wa betri ya lithiamu hupita kwenye mwili na hesi, na matundu madogo yaliyotobolewa yapo ili gesi ya betri iliyopata hitilafu ipate pa kutokea. Mtu akiyaziba kwa sabuni, au akiimaliza kwa msasa sehemu inayozuia umeme usigusane, ameshika kitu cha hatari karibu na mdomo wake.

Gharama nyingine ambayo mteja haioni ni ya usafi. Hatutumii brashi ya waya wa chuma kwenye chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa vipande vyake hujichomeka usoni na kuota kutu baada ya siku chache, na mteja atadhani kifaa chake ni bandia. Vumbi la alumini hatuliachi likutane na vumbi la kutu, maana viwili hivyo vikichanganyika na cheche ikaangukia, huwaka kwa joto kali mno. Tunafagia na kufuta meza kati ya kazi moja na nyingine, na feliti iliyogusa metali moja haigusi nyingine.

Kazi ikikamilika, alumini hubaki na mng'ao kwa muda mrefu ikipakwa nta, lakini shaba njano huanza kugeuka kahawia kwa unyevu na jasho la mikono, hasa kwa wanaoishi karibu na ziwa. Tunaweza kuipaka laka kwa nyongeza ya shilingi 10,000, na tunaipendekeza kwa vitasa na vinara. Tarumbeta za bendi za shule tunaomba zisisafishwe kwa dawa za vioo zenye amonia, kwa sababu shaba njano iliyopindwa ikikutana na amonia hupata nyufa. Waingereza walikumbana na hilo nchini India, ambako maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua.

Atakayeleta kifaa atoe betri kwanza, asikisugue kwa chochote, na aje mwenyewe badala ya kumtuma mwendesha boda, ili tukwangue akiwa anaona. Tochi ya kawaida tunaomba tuachiwe siku mbili, nusu ya malipo hutolewa siku ya kupokea, na bei tuliyokubaliana mbele ya ule mkwaruzo wa kwanza haibadiliki.